Ukuukuu wa Kamba si Upya wa Ukambaa: Kuhusu Kununua Kompyuta



Vyuo vinapokaribia kufunguliwa, swali moja hunijia kwa njia nyingi: mlangoni mwa kanisa baada ya Misa, mwishoni mwa vikao vya Halmashauri Walei, hata kwa ujumbe wa simu usiku. “Padre, kijana amechaguliwa chuo. Tumnunulie laptopu mpya, au hizi zilizotumika?” Anayeuliza hutarajia jibu la neno moja. Mimi humwomba aketi kwanza, kwani swali lenyewe, kwa namna lilivyoulizwa, halina jibu jema.

Nalo si swali dogo. Katika familia nyingi za Muleba na Bukoba, fedha ya kompyuta ni mauzo ya kahawa ya maganda ya msimu mzima, au ndama aliyelelewa kwa miaka miwili, au mkopo wa kikundi ambao mama ataulipa kidogo kidogo kwa kuuza ndizi. Wapo waliokwisha kuingia katika butura, yaani kuuza kahawa ingali mtini kwa bei aitakayo mnunuzi, ili tu mtoto asifike chuoni mikono mitupu. Fedha iliyopatikana kwa jasho la namna hiyo haistahili kuishia katika kifaa kitakachogoma kabla ya mwaka wa pili wa masomo. Ndiyo maana juma hili nimeona niliandike jibu langu kwa urefu, ili wanaoniuliza niwaelekeze hapa.

Maoni yangu nayasema mapema. Kwa mwanafunzi, kwa mwalimu na kwa ofisi nyingi za kwetu, kompyuta mpakato ya kiofisi iliyokarabatiwa kweli, yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi, ni bora kuliko mpya ya bei ya chini. Na ni bora zaidi kuliko ya zamani inayouzwa kwa bei ya kutupa. Jambo la kuuliza dukani si umri wa mashine. Ni uhai uliobaki ndani yake, na ni nani atakayesimama nawe siku itakapokwama.

Ili tuelewane, yafaa tuanze na jambo lililotokea mbali na sisi, ambalo hata hivyo limebadili kabisa meza za maduka yetu. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, mfumo endeshi uliotoka mwaka 2015 na uliokuwa umeenea katika kompyuta nyingi kupita mwingine wowote. Kompyuta yenye mfumo huo haikuzimika siku ile; iliendelea kuwaka na kuandika kama kawaida. Lakini masasisho ya usalama, yaani viraka vya kuziba matundu ambayo wezi wa mtandaoni hupenyea, yalikoma, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika muda wa nyongeza, ambao kwa watumiaji binafsi uliwekwa hadi Oktoba 2026. Mrithi wake, Windows 11, aliyetoka Oktoba 2021, alikuja na masharti: RAM isiyopungua GB 4, nafasi ya kuhifadhia isiyopungua GB 64, kitengo cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft. Kwa upande wa Intel, orodha hiyo kwa ujumla huanzia kizazi cha nane, ambacho kilianza kutoka mwaka 2017.

Matokeo yake si vigumu kuyaona. Makampuni na taasisi za Ulaya na Marekani zenye kompyuta za kizazi cha sita na cha saba zimekuwa zikizitoa maofisini, ingawa nyingi bado zilikuwa nzima. Kompyuta za namna hiyo husafiri. Dubai ni kituo kimoja, Kariakoo ni kingine, na hatimaye baadhi hufika kwetu kwa basi, zimefutwa vumbi na kubandikwa bei ya kuvutia. Mfanyabiashara hasemi uongo anaposema kwamba mashine ni nzima. Asichokisema ni kwamba huko ilikotoka imetolewa kwa sababu muda wake umekwisha. Kwa hiyo katika meza moja ya duka, hapa Bukoba mjini au pale Muleba, utakuta mashine mbili zinazofanana kama mapacha, moja ikiwa na miaka mingi mbele yake, nyingine ikiwa imefika mwisho wa safari, na tofauti ya bei baina yao ikiwa ndogo kiasi cha kumshawishi mzazi achukue ile ya chini.

Utazitambuaje? Soma nambari. Kibandiko kikisema i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6: hicho ni kizazi cha sita. Kikisema i5-8250U, ni kizazi cha nane. Kikisema i5-10210U, ni cha kumi. Na i5-1135G7 ni cha kumi na moja. Jambo hili wengi hawalijui, na wauzaji wanajua kwamba hawalijui. Utasikia: “Hii ni i7, Mzee, ni kubwa kuliko i5.” Sivyo. Herufi i7 peke yake haielezi lolote kuhusu umri. Kizazi cha nane kilileta badiliko kubwa katika prosesa za kompyuta mpakato za aina hii: i5-7200U ya kizazi cha saba ilikuwa na viini viwili vya kufanyia kazi, lakini i5-8250U iliyofuata ilikuwa na vinne. Kwa hiyo i7 ya kizazi cha nne, hata ikipigwa rangi na kung’aa, itaachwa nyuma na i5 ya kizazi cha nane, tena haitapokelewa na Windows 11. Kwa mashine zenye prosesa za AMD nambari hukaguliwa moja moja; mwombe kijana anayejua akusaidie kabla ya kulipa.

Kwa wanaopenda majina: HP EliteBook 840 ya G3 ni ya kizazi cha sita, ya G4 ni ya cha saba, na ya G5, iliyotoka mwaka 2018, mara nyingi ni ya cha nane. Lenovo ThinkPad T470 iko upande wa kwanza wa mto, T480 iko upande wa pili. Vivyo hivyo Dell Latitude 5480 na 5490. Nimesema “mara nyingi” kwa makusudi, kwa kuwa baadhi ya matoleo ya mwaka 2018 yaliuzwa pia na prosesa za kizazi cha saba ndani ya ganda lile lile. Jina la mfuniko lisikutoshe. Washa mashine uione prosesa yenyewe.

Na hapa kuna mtego mwingine ambao kwa sasa umeenea. Utaonyeshwa kompyuta ya kizazi cha sita ikiwaka na Windows 11, nawe utasema, mbona inakubali? Inakubali kwa sababu mafundi wana njia ya kuyaruka yale masharti wakati wa kuiweka. Microsoft yenyewe imeeleza kwamba kompyuta zisizotimiza masharti hazina haki ya kudai masasisho. Leo zinaweza kuyapata, kesho zikayakosa, na hakuna wa kumlalamikia.

Sasa tuje kwenye neno “iliyokarabatiwa”, ambalo limetumika vibaya mpaka limekaribia kupoteza maana. Sisi watu wa Ziwa tuna mfano mzuri wa ukarabati. Meli ya MV Victoria ilijengwa Uskoti, vipande vyake vikaunganishwa Kisumu, ikaanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wazazi wetu waliipanda kwenda Mwanza, nasi tukaipanda. Mwaka 2014 ikasimama. Iliporudi katika safari ya Mwanza na Bukoba mwaka 2020, ilikuwa na jina jipya, MV New Victoria, na lililo muhimu zaidi, ilikuwa na injini mpya. Ganda la zamani, moyo mpya. Huo ndio ukarabati. Kama wangeipaka rangi tu na kubadili jina, ni nani kati yetu angethubutu kuipanda usiku?

Kompyuta iliyokarabatiwa kweli ni ile iliyofunguliwa, ikasafishwa feni, ikapimwa, na kubadilishwa kilichochakaa: betri, diski, kibodi, pengine kioo. Iliyotumika tu, yaani mtumba, ni ile iliyofutwa kwa kitambaa. Zote mbili zina haki ya kuuzwa, lakini si kwa bei moja, wala si kwa jina moja. Siku moja nilimsindikiza mzee mmoja wa Kamachumu kwenye duka, naye kijana wa dukani, baada ya kutuamkia kwa adabu, akatupa mashine yenye kibandiko cha kwamba imekarabatiwa.

“Kijana wangu,” nikamwuliza, “hii imebadilishwa nini?”

“Padre, hii haijaguswa na fundi yeyote,” akajibu kwa fahari. “Iko vile vile ilivyotoka Uingereza.”

Mzee akanitazama, kisha akamtazama kijana. “Sasa mwanangu, kama haijaguswa, imekarabatiwa na nani?”

Tulicheka sote watatu, na kijana akapunguza bei. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa akirudia neno alilolikuta kwenye boksi.

Upande wa pili wako wale wasiotaka kusikia habari ya kitu kilichotumika. Sisi Wahaya tunajulikana kwa hilo, na majirani zetu hawachoki kututania kwa jina la “nshomile”. Mtoto wa nshomile ataendaje chuoni na kitu cha mtumba? Basi mzazi hununua mpya. Lakini kwa kuwa fedha yake ni ile ile ya kahawa, hununua mpya ya chini kabisa: ganda jepesi la plastiki, prosesa ya Celeron, RAM ya GB 4 iliyochomelewa kwenye ubao mama, na hifadhi ya GB 64 za aina ya eMMC, ambayo ni ndogo na ya polepole ukilinganisha na SSD ya kawaida. Wahenga walikwisha kuona: kipya kinyemi, kingawa kidonda.

Tazameni kinachotokea. Windows yenyewe hula sehemu kubwa ya zile GB 64. Likija sasisho kubwa, nafasi haitoshi. Kijana akifungua maandishi yake, na kivinjari, na mkutano wa video wa mhadhiri, mashine huganda. Hupeleka kwa fundi aongezewe RAM, na fundi humwambia kwamba haiongezeki, kwa kuwa imechomelewa. Kitu kipya kimekwisha kuwa cha zamani siku ile ile kilipotoka kwenye boksi. Wakati huohuo kompyuta ya kiofisi ya mwaka 2018, iliyotengenezwa kwa ajili ya mtumishi wa benki aliyeibeba kila siku kwa miaka minne, ina bawaba imara, kibodi inayobadilishika, nafasi mbili za RAM, na mahali pa kubadilishia SSD kwa bisibisi moja. Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Kamba iliyochakaa bado ni kamba, na itafunga mzigo ambao ukambaa mpya hauwezi kuufunga.

Naomba nieleweke: sisemi mpya ni mbaya. Mwenye uwezo wa kununua mpya iliyo nzuri, yenye RAM ya GB 16 na SSD, anunue bila kusitasita; ataitumia miaka mingi, na betri yake itaanza safari ikiwa na nguvu zote. Taasisi inayonunua kompyuta kumi kwa pamoja nayo ina sababu ya kutaka mpya zenye dhamana moja na hati moja. Ninachopinga ni ule upya wa jina. Tena kuhusu hiyo dhamana, ulizeni vizuri. Dhamana ya mwaka mmoja inayotimizwa Dar es Salaam ina uzito gani kwa mtu wa Nshamba, au kwa mvuvi wa kisiwa cha Bumbire aliyemnunulia binti yake? Kuipeleka na kuirudisha ni majuma, na mitihani haingoji. Dhamana ya miezi mitatu kutoka kwa muuzaji wa Bukoba unayemfahamu, aliyekupa risiti ya mashine ya EFD na kuandika juu yake nambari ya mashine, kwangu mimi ina thamani zaidi.

Jambo la betri nalo linataka tulitazame kwa macho ya hapa kwetu. Kwa miaka mingi mkoa wetu ulitegemea umeme unaovuka mpaka kutoka Uganda kupitia Kyaka, na kila mmoja wetu anajua maana ya taa kuzimika na kurudi kwa kishindo. Bukoba ni mojawapo ya miji yenye mvua nyingi zaidi nchini, na mvua za Ziwa huja na radi. Kompyuta isiyo na betri inayoshika chaji, kwetu si kompyuta mpakato. Ni kompyuta ya mezani iliyojificha, tena itakayopoteza kazi kila umeme unapokatika. Kwa sababu hiyo naipenda ile T480: ina betri mbili, moja ndani na moja nyuma, na ile ya nyuma hubanduliwa kwa vidole bila bisibisi. T490 iliyofuata mwaka 2019 iliondoa betri hiyo ya nje, ikachomelea sehemu ya RAM. Si kila hatua ya mbele ni hatua ya mbele kwa mtu wa Muleba.

Je, ile ya zamani kabisa, ya kizazi cha nne au cha sita, haina kazi? Inayo, mradi anayeinunua ajue anachonunua na alipe kwa kadiri yake. Ikiwekwa SSD na mfumo endeshi wa Linux, kama vile Linux Mint au Ubuntu, ambao hutolewa bure na huendelea kupata masasisho, itaandika barua, itapiga hesabu kwa LibreOffice, itachapa nyimbo za kwaya, na itamfundisha mtoto wa sekondari kuchapa kwa vidole kumi. Katibu wa kigango anayeandika mihtasari hahitaji zaidi ya hapo. Ugumu ni kwamba chuo kikihitaji programu maalumu inayotaka Windows, kama zile za takwimu au za uhasibu, kijana atabaki akiomba kompyuta ya mwenzake.

Lakini ofisini hapana. Hapa nina msimamo mkali kuliko baadhi ya wajumbe wangu. Kompyuta ya ofisi ya parokia, ya zahanati, ya shule au ya chama cha msingi cha wakulima ina majina ya watu, namba zao za simu, michango yao, magonjwa yao, madeni yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa hizo azilinde. Huwezi kusema unazilinda ikiwa umezihifadhi katika mfumo ambao mtengenezaji wake ameacha kuuziba matundu. Mjumbe anayesema “hii ya zamani bado inafanya kazi, tusipoteze fedha za waamini” ana nia njema. Ila taarifa za waamini hao hao nazo ni mali yao, na zikiibiwa hazirudi.

Tuseme sasa umeshaamua, na umesimama mbele ya meza ya duka. Usiwe na haraka. Omba mashine iwashwe bila chaja. Bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, na katika dirisha litakalofunguka, kwenye sehemu ya utendaji, utaona jina kamili la prosesa, kiasi cha RAM, na ni nafasi ngapi za RAM zimetumika kati ya zilizopo. Kisha mwambie kijana aliyefuatana nawe afungue dirisha la amri na kuandika powercfg /batteryreport. Mashine itatengeneza taarifa ya betri: ujazo iliyozaliwa nao na ujazo iliyonao leo. Ikiwa ilizaliwa na 50,000 na leo ina 20,000, betri hiyo imebakiza chini ya nusu. Ama ibadilishwe, ama bei ishuke. Bonyeza kila kitufe cha kibodi. Chomeka kitu katika kila tundu. Fungua na kufunga mfuniko mara kadhaa ukisikiliza bawaba. Jaribu kamera na spika. Muuzaji mwaminifu hakasiriki kwa hayo. Anayekasirika amekwisha kukujibu.

Na lililo kubwa kuliko yote: iunganishe na intaneti mbele ya muuzaji, kisha ufutwe na kuwekwa upya mfumo endeshi mkiwa hapo hapo, hata kama itachukua saa nzima. Nasema hivi kwa sababu ya binti mmoja wa Muleba. Alinunuliwa kompyuta nzuri, ya kizazi kinachofaa, kwa bei ya chini kuliko kawaida. Miezi minne baadaye, diski iliposumbua, fundi akaiweka Windows upya. Ilipounganishwa na intaneti ikaonyesha jina la kampuni moja ya nchi za nje, na kumtaka aingie kwa anwani ya mtumishi wa kampuni hiyo. Ilikuwa bado imesajiliwa kwa wenyewe. Pengine waliisahau kuifuta katika daftari lao, pengine iliibiwa. Duka likasema halihusiki, risiti haikuwapo, na kazi yake ya utafiti ya mwaka wa mwisho ilikuwa ndani ya diski iliyokwisha kufutwa. Baba yake aliniambia jambo moja tu: “Padre, ile ilikuwa kahawa yote.” Kompyuta zilizofungwa na nenosiri la mwanzo kabisa, lile linaloombwa kabla hata ya Windows kuwaka, na zile za Apple zinazodai akaunti ya mmiliki wa kwanza, ni za kundi hilo hilo. Bei ikiwa chini mno, uliza ilipotoka. Anayenunua kitu cha wizi kwa kujua hawezi kujitetea kwa umaskini, na asiyejua hupoteza vyote viwili, fedha na mashine.

Wapo wanaoniambia, tena kwa uchungu, kwamba kwa kununua vifaa hivi tunakubali nchi yetu iwe jalala la matajiri. Hoja hii naiheshimu. Jirani zetu wa Uganda walitangaza katika bajeti yao ya mwaka 2009 kuzuia uingizaji wa kompyuta, friji na televisheni zilizotumika, kwa sababu hiyo hiyo. Mabadiliko ya Mkataba wa Basel yaliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025 yanataka taka zote za kielektroniki zisivuke mpaka bila nchi inayopokea kuarifiwa na kuridhia. Lakini taka ni nini? Mashine ya kizazi cha nane itakayofanya kazi miaka mingine mitano si taka. Ile ya kizazi cha tatu yenye betri iliyovimba, iliyopachikwa katikati ya shehena ili kujaza kontena, ni taka tangu ilipopakiwa. Nayo ile mpya ya GB 4 isiyofunguka wala kuongezeka, itakayotupwa baada ya miaka miwili, ni taka pia, ila imefungwa vizuri. Anayechagua kwa kutazama uhai uliobaki anapunguza jalala kutoka pande zote mbili.

Nina mambo mawili ya kuongeza kuhusu fedha. Tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei za RAM zimepanda duniani, kwa kuwa viwanda vimeelekeza nguvu zao katika kuhudumia vituo vikubwa vya akili unde. Ule ushauri wetu wa zamani, “nunua yenye RAM ndogo, utaongeza baadaye”, siutoi tena kwa wepesi. Kama tofauti ya bei inastahimilika, chukua yenye GB 16 tangu mwanzo; GB 8 ndiyo kiwango cha chini ninachoweza kumshauri mwanafunzi.

Pili, usimalize fedha yote katika mashine. Ukiwa na laki saba, tafuta mashine ya laki sita. Kinachobaki kinunue diski ya nje au hata flashi mbili za kuwekea nakala za kazi, kifaa cha kukinga mshtuko wa umeme, na begi lenye sponji ndani. Yule binti wa Muleba angekuwa na flashi moja tu, angepoteza kompyuta, lakini asingepoteza utafiti.

Na ile kompyuta ya zamani iliyoko nyumbani, unayotaka kumpa mdogo wake au kumwuzia jirani? Usiitoe kabla ya kuhamisha picha na maandishi yako, kujiondoa katika akaunti zako zote, na kuiweka upya kwa kuchagua njia inayofuta kila kitu badala ya ile inayobakiza mafaili. Kama diski yake imekufa na haifutiki, mwambie fundi aichomoe, uitoboe kwa msumari katikati, kisha mashine iende bila diski. Kwa wanaoogopa kufanya hivyo peke yao, vijana wawili wa kwaya wanaoifahamu kazi hiyo wamekubali kukaa ofisini kila Jumamosi baada ya Misa ya asubuhi. Njooni na chaja zenu.